Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi wa Namibia: seng'enge zitoke kabla ya Aprili

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kwa heshima zote. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa katika ukoo wa Wasani wa !Xun, wenyeji wa asili wa hapa Mangetti Dune, magharibi ya mji mdogo wa Tsumkwe, kaskazini-mashariki ya Namibia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu barua za Kiingereza tumeshapeleka, majibu hatujapata. Wazee wa chama chako cha SWAPO waliopita kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa, kule kwetu Dodoma, hawatashindwa kukusomea hii.

Juzi mama mkwe wangu alikwenda kuokota mangetti, matunda ya mti wa porini wenye jina hilo, kwenye tuta la mchanga alikookota bibi yake. Akakuta seng'enge mpya. Mchunga ng'ombe akamwambia arudi, hapo pana mwenyewe. Alirudi na kiroba kitupu, mtu mzima yule, hakusema neno hadi usiku. Ndipo akatuambia kwamba ndani ya uzio miti imelazwa chini. Mwenye uzio husema anakata isiyozaa tu. Mheshimiwa, mangetti ina mti dume na mti jike. Dume hauzai, ni kweli, lakini ukiumaliza, na jike hutaona tunda lake tena. Watoto wetu wanalijua hilo.

Tunda hilo huanguka lenyewe Aprili na Mei, likaivia chini. Tunalichemsha, ganda linabanduka, nyama yake tamu inakuwa uji mzito. Kokwa tunalichoma kwenye mchanga wa moto, kisha tunalipasua kati ya mawe mawili. Kiini chake zaidi ya nusu ni mafuta. Tunakila hivyo hivyo, tunakitwanga na mboga, mafuta tunajipaka ngozi ikikauka. Kokwa ni gumu kiasi kwamba tembo humeza tunda akalitoa zima, na wanawake huliokota kwenye kinyesi chake. Linakaa mchangani miezi mingi bila kuharibika. Hiyo ndiyo ghala yetu. Mwaka 1964, ukame ulipoipiga Botswana ya leo, wanawake wa wakulima na wafugaji waliingia porini kuokota pamoja na wanawake wa Kisani. Na mwaka 2024, serikali ilipotangaza hali ya dharura ya ukame, nyumbani kwangu tulikula mangetti huku tukisubiri unga wa msaada.

Sasa ghala imefungwa, na sheria ipo. Hifadhi yetu ya jamii ya N‡a Jaqna, eneo hili tunalolisimamia wenyeji wenyewe, ilisajiliwa mwaka 2003. Agosti 2016 Mahakama Kuu ya Windhoek iliamuru waliojiwekea uzio humu kinyume cha sheria waondoke. Tulishangilia siku ile! Tangu hapo mimi naona waya zikiongezeka. Watu wanasema wenye ng'ombe ni wakubwa, au wana jamaa zao wakubwa. Ushahidi sina. Ila makundi ninayoyaona si ya mchungaji wa kawaida, na visima vile havikuchimbwa kwa senti za maskini.

Hatukuombi unga. Hatukuombi semina, wala kamati nyingine ije kutuuliza majina. Amri ya mahakama mnayo mkononi. Leta maofisa, leta polisi, leta koleo za kukatia waya. Matunda hayasubiri kikao, na wanangu wanakula leo. Seng'enge zitoke, Mheshimiwa. Zitoke kabla ya Aprili.

Wako katika kudai haki,
Mkwe wa Mangetti Dune