Barua kwa wajukuu zangu wanaoandika shajara ya ukoo

Wajukuu zangu mlioko Amu (Lamu), Mombasa na huko ng'ambo,

Asalaam aleikum. Karatasi yenu ya manila nimeiona. Mmoja wenu aliitandaza juu ya mkeka, pembe moja akaikandamiza kwa kikombe cha kahawa, nyingine kwa kiatu, akaniambia, "Bibi, tumefika mababu saba." Nikavaa miwani. Fulani bin fulani bin fulani, hati nzuri, mistari kwa rula. Nikashuka na kidole mpaka kwa babu yangu mzaa baba. Ndugu watatu, baba mmoja. Wawili wameandikiwa mama zao. Babu yangu mimi, hapo kwa mama pana weupe mtupu.

Nikauliza. Kijana akaona haya, akasema wazee wa kiume waliwaambia, "Hapo paacheni."

Mimi sipaachi. Mama yake alikuwa suria, mjakazi aliyemzalia bwana wake. Aliletwa mtoto mdogo, kwa jahazi, kwao hakukukumbuka. Mwanawe alizaliwa huru, akarithi sawa na nduguze, akahesabiwa muungwana, kwani kwa sheria yetu mtoto wa suria humfuata baba. Nyumba za mawe zenye habari kama hii hapa Mkomani, mtaa wa wakubwa wa Amu, si moja, na wenyewe wanajua.

Mwaka 1907 Waingereza walifuta utumwa mwambao huu. Kwenye posa haukufutika. Kijana wa Langoni, mtaa wa wanyonge, seremala wa milango, mswalihina, alileta posa kwetu. Wanaume wakakaa dakani, pale mlangoni, na kahawa yao, wakasema si kufu, halingani nasi kwa nasaba, babu yake mzalia, yaani mtoto wa watumwa aliyezaliwa hapa. Nami niko nyuma ya pazia, namjua vyema aliyemzaa babu wa huyo anayesema! Nikanyamaza, maana ningefungua kinywa langu nalo lingetoka. Msichana aliozwa kwingine. Hilo halinitoki rohoni mpaka leo.

Wala sisemi nasaba itupwe. Bila nasaba mtajuaje nani mrithi, nani maharimu asiyeolewa nawe, nani wa kuingia kukuosha ukifa? Tena mnaandika wazazi tu, walionyonyesha je? Nikiwa kigori, harusi moja ilisimama dhahabu imeshanunuliwa, kwa sababu bikizee mmoja alikumbuka kuwa bwana na bibi harusi walinyonya ziwa moja. Mama wa ziwa hilo alikuwa mtumishi wa nyumba, hakuna aliyeona haja ya kumkumbuka. Leo ni nani anayewakumbuka wa namna yake? Andikeni na hao, kwa wino mwingine mkitaka.

Na hawa wanaojivuna kwa kizazi, waulizeni kwa upole: masharifu humfikia Mtume kwa nani kama si kwa Bi Fatma, mwanamke? Na Nabii Ismail alizaliwa na nani kama si Hajar, mjakazi? Habib Swaleh mwenyewe, sharifu aliyetoka Ngazija, alikaa na wanyonge wa Langoni akawasomesha, wakubwa wengine wa mji wakinuna. Leo Maulidi ya Riyadha, msikiti wake, hujaza mji, Mkomani na Langoni bega kwa bega, hata wajukuu wa walionuna wamo wakipiga matari.

Kuna jingine mmelisahau, na mmelikalia. Nyumba mliyoandikia shajara hiyo si ya babu yenu. Ni ya mama yake mzazi. Baba yake alimpa alipoolewa, kama desturi ya Amu, binti haondoki kwao, mume ndiye huja. Shemeji zake wa upande wa pili walipita kwa wikio, kile chumba cha juu kinachovuka njia, miguu haikugusa chini. Basi jina la mwenye nyumba liko wapi kwenye karatasi yenu? Mahari yetu hutoa kilemba cha baba na mkaja wa mama. Shajara yenu ina vilemba vitupu.

Rudini Ijumaa baada ya alasiri, aliye mbali apige simu kwa wakati huo huo. Njooni na kalamu ya wino, si ya risasi. Jina la mama wa babu yangu ninalo, na la yule aliyemnyonyesha baba yangu pia ninalo, ila sitaki kuyaweka kwenye barua. Nitayataja mkiwa mmekaa mbele yangu, na wale wazee waliosema paachwe waleteni nao. Kahawa itakuwepo.

Bibi yenu, Mkomani