Mama Nasra, tazama muhuri kwanza

Oakland, Jumatano usiku

Shoga yangu Mama Nasra,

Huku wazima, ila baba watoto bado analalamikia goti lake. Ujumbe wako wa sauti, ule wa duka la vigae vya bafu kusajili deni la dola 9,400 juu ya nyumba yako, nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili nikauzima katikati maana kilio chako kilikuwa kinanipandisha presha na mimi. Hebu tulia. Hakuna atakayekutoa kwenye hiyo nyumba wiki hii, wala mwezi huu.

Kwetu Tanga fundi asipolipwa anakuja alfajiri anakaa barazani, anakohoa, majirani wanapita wanamsalimia, mpaka aibu ikushinde utoe pesa. Huku California hakai barazani. Anakwenda masijala ya kaunti, panapotunzwa hati za nyumba, na kusajili karatasi juu ya nyumba yako, na hiyo ndiyo lieni: deni limegandishwa kwenye hati. Ukitaka kuuza, au kubadilisha mkopo kama ulivyopanga, linajitokeza. Na usidhani ni ujanja wa mjini, haki hiyo imo kwenye Katiba ya jimbo ya 1879. Ndiyo maana duka la vigae ambalo hujawahi hata kulikanyaga linaweza kukudai wewe dola 9,400, wakati mkandarasi wako ulishamlipa hadi senti ya mwisho. Mimi nilipoambiwa naweza kulipa mara mbili nilidhani natanishwa.

Lieni yangu mimi ilikuwa ya makabati ya jikoni, sikukwambia kwa sababu niliona haya. Mtu wa posta alitaka nisaini kile kikadi cha kijani, nikasaini mikono ina unga wa chapati; ile bahasha ina alama ya kidole gumba hadi leo. Dola 6,200. Mkandarasi hapokei simu. Nilikuwa tayari kulipa siku ileile nipate usingizi, hadi mama mmoja wa Kimeksiko kazini kwetu, mumewe fundi bomba, aliponizuia. Akaniambia tafuta muhuri wa masijala wenye tarehe ya kusajiliwa, kisha hesabu siku.

Maana lieni ina umri, Mama Nasra. Akishaisajili, mdai ana siku 90 za kufungua kesi. Zikipita hajafungua, haina nguvu tena, labda iwe nyinyi wawili mlisaini kumwongezea muda na makubaliano hayo yakasajiliwa. Yangu ilisajiliwa 6 Machi. Nikachukua kalenda ya msikiti iliyoko kwenye friji, nikahesabu kwa kalamu, siku ya 90 ikaangukia 4 Juni. Tarehe 10 nikaenda mahakamani kuuliza. Hakuna kesi.

Sasa, hapo wengi wanakosea, wanafurahi na kulala. Karatasi iliyokufa haijiziki yenyewe. Inabaki kwenye rekodi, na siku ya kuuza ndipo kampuni ya hati, ile inayokagua umiliki wa nyumba, inakukatalia. Kwa hiyo nilimwandikia mdai barua ya rejista nikimtaka aiondoe. Sheria inataka umpe angalau siku 10 kabla ya kupeleka ombi mahakamani, na ombi lenyewe likifika, atakayeshindwa analipa ada za wakili wa mwenzake. Hilo la ada ndilo lililowaamsha. Wiki haijaisha nikapokea karatasi ya kuiondoa, imesainiwa mbele ya mthibitishaji, na nikaipeleka masijala kwa mkono wangu.

Yako huenda bado mbichi. Basi fungua ile droo unayotupia barua zote bila kuzisoma (usikatae, nimeiona). Duka lililomwuzia mkandarasi vigae lilitakiwa likuletee taarifa ya awali, barua ya kukujulisha kwamba linaleta mzigo kwenye kazi yako, ndani ya siku 20 tangu liliposhusha mzigo wa kwanza. Kama halikuleta kabisa, lieni yao haina mguu wa kusimamia. Kama walichelewa, wanaweza kudai tu vitu vilivyoletwa kuanzia siku 20 kabla ya taarifa. Wadai wakuonyeshe ushahidi wa posta, wasikupe maneno matupu.

Kisha tazama bafu lilikamilika lini. Nakumbuka ulinitumia picha kabla ya Ramadhani, na picha ya simu ina tarehe. Wao walikuwa na siku 90 baada ya kazi yote kukamilika kusajili lieni, au 30 tu kama wewe ulisajili taarifa ya kukamilika, jambo ambalo najua hukufanya, hata mimi sikulijua. Angalizo: inahesabiwa kazi nzima, si vigae peke yake. Kama fundi alirudi baadaye kumalizia sinki, watalishika hilo.

Mambo mawili uliyoyataja usiyategemee. Kukosea herufi za jina lako hakuui lieni, ila kama walidanganya kwa makusudi. Na ile habari kwamba asiye na leseni hana haki ya kudai, ni kweli kwa mkandarasi, ila duka linauza bidhaa tu, halihitaji leseni hiyo. Bora uhakiki hesabu: hawaruhusiwi kudai zaidi ya bei waliyopatana au thamani halali ya mali, ile iliyo ndogo. Omba ankara, ukahesabu maboksi.

Kama benki inakuharakisha kwenye mkopo, ipo njia ya dhamana. Kampuni ya dhamana inaweka asilimia 125 ya deni, kwako ni dola 11,750, na nyumba inaachiwa wakati ugomvi unaendelea juu ya dhamana. Wewe unalipa ada ya kampuni. Sipendi kumpa mtu ada bure, lakini kuna wakati ni nafuu kuliko kusubiri.

Sasa nitakukera kidogo. Vigae viko ukutani kwako na kuna mtu hajalipwa. Tarehe zao zikiwa sawa na hesabu zikiwa sawa, usipoteze mwaka kwa hasira, patana nao, na usitoe hata dola moja kabla karatasi ya kuachilia madai haijasainiwa. Hasira ipeleke kwa mkandarasi. Wakishtaki kwa lieni hiyo, ni yeye anayepaswa kukutetea kwa gharama zake. Akiwa na leseni ana dhamana ya dola 25,000 unayoweza kuidai, na mahakama ya madai madogo inapokea hadi 12,500, bila wakili. Mimi wangu nilimpeleka huko. Alikuja na kofia ya shughuli na mke wake, nikamwonea huruma kama dakika mbili.

Jumamosi nakuja na treni ya asubuhi, tukamwone wakili pamoja. Saa moja ya kukaa naye inatosha kama karatasi zimepangwa. Kaanga mhogo. Ila kabla hujalala leo, piga picha ukurasa wa kwanza, pale juu penye muhuri wa masijala, unitumie. Kalenda ninayo hapa mezani.

Wako,
Mama Bakari