Barua ya wazi kwa Spika: Shilingi 82 zangu na kiti cha EWURA

Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano,

Jana jioni mita ilianza kupiga kelele, nikanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi kwa simu. Ujumbe ulipoingia nikaupitia mstari kwa mstari, kama kawaida yangu, mke wangu akicheka. Kodi ya jengo nilishakatwa mwanzoni mwa mwezi. Uniti 28 na pointi. VAT asilimia 18. REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3. Halafu ule mstari ambao wengi hatuusomi: EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, asilimia 1, shilingi 81 na senti 97.

Haitoshi andazi. Lakini anaikatwa kila anayenunua umeme, na kwenye lita ya petroli nako EWURA ina fungu lake. Kwa hiyo hawa ni watu tunaowalipa sisi, na tunawalipa kwa kazi moja kubwa: kukaa katikati yetu na anayetuuzia. Anayetuuzia umeme ni TANESCO, shirika la serikali. Maji, mamlaka za serikali. Sasa mwenye bucha akiachiwa amteue mkaguzi wa mizani, na amwondoe siku asiyopendezwa naye, kilo ya nyama itakuwa gramu ngapi?

Sisemi haya kwa kubahatisha, Mheshimiwa. Mwishoni mwa 2016 TANESCO iliomba bei ipande kwa asilimia 18.19. EWURA ikafanya taftishi, yaani uchunguzi wa maombi hayo na kusikiliza wadau, ikapunguza kilichoombwa, ikaruhusu asilimia 8.53 kuanzia Januari 1, 2017. Bei hiyo haikuwahi kufika kwenye mita. Waziri wa Nishati aliizuia mkesha wa mwaka mpya, na kesho yake uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO ukatenguliwa. Katikati ya mwaka huohuo Mkurugenzi Mkuu wa EWURA naye akaondolewa. Tangu hapo kiti hicho kimewahi kukaliwa na makaimu zaidi ya mmoja, na kaimu, sote tunajua, huandika kwa penseli.

Nikiri jambo. Siku ile bei ilipozuiwa nilishangilia. Mtaa mzima tulishangilia, nani anapenda bei ipande? Ilinichukua muda kuona kilichonipita. Sheria ilikuwa na mlango wake: asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anakata rufaa Baraza la Ushindani, pande zote zinasikilizwa, hukumu inaandikwa na sababu zake. Mlango ule uliachwa, ikatumika amri ya waziri. Mkono uliozuia bei siku ile kwa faida yangu unaweza kesho kuisukuma juu kwa njia hiyohiyo, na mimi sitakuwa na pa kuuliza. Na kama asilimia 8.53 ilikuwa makosa ya hesabu, hadi leo sijasomewa kosa lilikuwa mstari gani.

Ndiyo maana naiandikia ofisi yako na si wizara. Sheria ya EWURA, Sura ya 414, ilitungwa na Bunge mwaka 2001, na Bunge ndilo lenye kalamu ya kuirekebisha, iwe kwa muswada wa serikali au wa kamati.

Ninachoomba zaidi ni kuhusu kiti cha Mkurugenzi Mkuu. Nafasi itangazwe, majina ya waliofika usaili yawekwe hadharani, na anayependekezwa akae mbele ya kamati yako, kamera zikiwa wazi, aulizwe maswali magumu. Kenya mawaziri wateule wanahojiwa na wabunge hivyo, na dunia haijapinduka. Akishaapa, awe na muhula unaojulikana. Kumtoa kabla ya muhula kuwe na tuhuma zilizoandikwa, nafasi ya kujitetea, na taarifa inayosomwa bungeni. Kama ameiba, aende. Hakuna anayemtetea mwizi hapa. Kama kosa lake ni kukokotoa bei isiyopendeza, hilo si kosa. Ukaimu nao uwekewe kikomo cha miezi, si wa "hadi hapo itakapoelekezwa vinginevyo".

Waziri abaki na sera, hiyo ni haki yake. Ila akitaka kuzuia bei, aandike, asaini, na barua itoke kwenye Gazeti la Serikali siku hiyohiyo pamoja na jibu la swali moja: pengo la fedha atalijaza nani? Uhuru huo wa mdhibiti usiwe wa kujifungia pia. Baada ya kila taftishi, hesabu zitolewe kwa Kiswahili ambacho muuza barafu mwenye friji mbili anaweza kuzifuata, maana ndiye anayelipa.

(Na hili dogo: baraza linalotutetea sisi watumiaji linaitwa EWURA CCC. Wakili wangu amevaa fulana yenye jina la hakimu. Mkiwa mmeifungua sheria, mtafutieni jina lake.)

Bunge la Bajeti likianza Dodoma mwezi Aprili, naomba kamati inayohusika iweke suala hili kwenye ratiba yake, na wadau tuitwe kutoa maoni. Nauli ya basi nitajilipia, na ujumbe wangu wa LUKU nitakuja nao kwenye simu.

Wako mtiifu,
Mteja wa umeme wa majumbani,
Mbagala, Dar es Salaam