Barua kwa Mwanaisha: kabla hujachagua nyumba kwa rangi ya ramani

Nairobi, 9 Juni

Mpendwa Mwanaisha,

Salamu nyingi kwako, kwa Salim, na kwa wazee wote hapo Mikindani, Mombasa. Umeniuliza: ramani ya hewa kwenye simu yako imepaka mtaa wa South B hapa Nairobi rangi ya njano na ule wa Imara Daima rangi ya machungwa, je, uchukue nyumba ya South B? Usilipe kodi ya nyumba kwa sababu ya rangi hiyo. Mwanao Salim ana pumu, na rangi peke yake haikwambii hata kama kuna chombo chochote kilichopima hewa karibu na nyumba unazozitaka.

Anza kwa kutenganisha doa na wingu. Doa lenye namba ndani ni kihisi, yaani chombo kilichofungwa mahali fulani. Rangi iliyotandazwa juu ya mji mzima kama rangi ya maji ni hesabu ya kompyuta. Programu nyingi za hali ya hewa huchukua hesabu hiyo kutoka CAMS, mfumo wa Ulaya wa kufuatilia hewa, ambao kwa dunia nzima hugawa ardhi katika miraba ya kilomita 40 hivi. Mraba wa namna hiyo unaweza kumeza Nairobi karibu yote, Karen na Dandora ndani ya rangi moja. Unafaa kukuonyesha vumbi au moshi unaotoka mbali. Kwa kuchagua mtaa haufai kabisa.

Ukipata doa, liguse na uangalie mambo haya kabla ya namba yenyewe: lilituma taarifa lini mara ya mwisho, limefungwa nje au ndani ya nyumba, na liko umbali gani kutoka barabara kubwa. Doa lililonyamaza tangu mwezi uliopita bado linaweza kubaki na rangi yake. Hata jina linalojulikana lisikuhadae: vipimo vya balozi za Marekani, ambavyo watu wengi hapa walivitegemea, viliacha kutolewa hadharani Machi 2025, na ukikuta namba ya zamani ya ubalozi huo mahali fulani, iache. Kwa Nairobi tazama ramani ya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ambao una vihisi hata hapa kwetu.

Sasa namba. PM2.5 ni chembe zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele ni mnene kuliko hizo mara 20 na zaidi. Hizi ndizo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Uzito wake huandikwa kwa maikrogramu katika mita moja ya ujazo, ila ramani nyingi hazikuonyeshi uzito huo, hukuonyesha AQI, yaani ngazi ya ubora wa hewa iliyotungwa kutokana na uzito huo. Hewa yenye maikrogramu 40 ni AQI 112 kwa ngazi ya Marekani. Mtu akikwambia “kwetu ni 40” na mwingine “kwetu ni 112”, huenda wanavuta hewa ileile. Isitoshe, Marekani ilibadilisha ngazi yake Mei 2024: kijani sasa kinaishia maikrogramu 9, zamani kiliishia 12. Kwa hiyo maikrogramu 10 ni kijani, AQI 42, kwenye programu ambayo haijasasishwa, na ni njano, AQI 53, kwenye iliyosasishwa. Hewa ni ileile. Ndiyo maana nakusihi ufungue mipangilio uchague maikrogramu, kisha ulinganishe na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021: 15 kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Wastani wa saa 24 usilinganishwe na namba ya dakika hii. Lori moja likipita na moshi wake mweusi, namba hupanda hadi 90 kisha ikashuka, na siku nzima ikawa nzuri tu.

Vihisi vidogo vya bei nafuu vina udhaifu ambao lazima uujue. Ndani yake kuna feni ndogo na mwanga wa leza: chembe ikipita hutawanya mwanga, na chombo hukisia uzito kutokana na mwanga huo. Unyevu ukizidi, chembe hunyonya maji na kuvimba, na chombo husoma moshi mwingi kuliko uliopo. Asubuhi zetu za Juni na Julai, zenye ukungu na manyunyu, ndipo kosa hili huwa kubwa. Kwa vihisi vya chapa ya PurpleAir kuna hesabu ya kurekebisha inayotumiwa na shirika la mazingira la Marekani: zidisha namba ghafi (ile iliyoandikwa CF=1) kwa 0.524, toa asilimia ya unyevu iliyozidishwa kwa 0.0862, kisha ongeza 5.75. Namba ghafi 60 na unyevu wa asilimia 85 hukupa karibu 30. Nusu nzima imeondoka! Hesabu hiyo ilitengenezwa kwa hewa ya Marekani, kwa hiyo ichukue kama hatua ya kwanza tu. Chombo hicho pia kina macho mawili, A na B. Yakisoma 28 na 31, kiamini. Yakisoma 28 na 140, kuna buibui aliyefuma ndani au vumbi limeziba jicho moja. Na safu ya PM10 (chembe za hadi maikromita 10) ya vyombo hivi iruke, kwa sababu leza hii haizioni vizuri chembe kubwa za vumbi la barabarani.

Ukishapata kihisi kinachoaminika, achana na namba ya sasa. Fungua chati ya saa kwa saa ya wiki mbili. Hakikisha saa zake ni za Nairobi, kwa kuwa nyingine huandikwa kwa saa za Greenwich na utakuta kilele kimeandikwa 03:00 ilhali ni saa kumi na mbili asubuhi yetu. Kwa kawaida utaona nundu mbili: moja kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi, nyingine kuanzia saa moja jioni. Usiku wa baridi hewa iliyo chini hupoa, ile ya juu ikabaki na joto, na moshi hukaa chini yake kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Jua likipanda, kifuniko hufunguka. Mchana huonekana safi hata kama magari na viwanda havijapumzika.

Hapo ndipo picha za setilaiti huwapotosha watu wengi. Sentinel-5P, inayoonyesha nitrojeni dioksidi, hupita juu yetu mara moja kwa siku, mnamo saa saba na nusu mchana, wakati kifuniko kimeshafunguka. Tena hupima gesi yote kutoka ardhini hadi juu angani, kwa vipande vya kilomita 3.5 kwa 5.5. Ile alfajiri ambayo Salim anangoja basi la shule haiioni.

Linganisha pia Jumapili na Jumanne. Nundu ya asubuhi ikishuka sana Jumapili, chanzo kikubwa ni magari na viwanda. Isiposhuka, tafuta karibu: majiko ya mkaa, taka zinazochomwa, au boila inayowashwa kila siku. Kilele kinachotokea kila Ijumaa na Jumamosi jioni mahali pamoja tu huenda ni nyama choma chini ya kihisi!

Kisha upepo, na hili ndilo linalonifanya nisiikubali South B haraka. Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka upande wa mashariki: kaskazini-mashariki tangu Novemba hadi Machi hivi, na mashariki au kusini-mashariki miezi ya kati. South B iko magharibi ya Industrial Area, eneo la viwanda. Moshi wa viwanda vya barabara za Enterprise Road na Lunga Lunga humo, ukivuma upepo huo, unaelekea huko. Imara Daima haipo kwenye njia hiyo, lakini iko ubavuni mwa Mombasa Road, na mita 150 hadi 300 za kwanza kutoka barabara ya malori ndizo mbaya zaidi. Nyumba ya mita 400 ndani na ile ya mita 50 hazina hewa moja hata kama mtaa ni mmoja.

Na kuna mambo ambayo hakuna doa litakalokuonyesha. Kihisi cha PM2.5 hakinusi salfa dioksidi wala hakitambui madini ya risasi. Wewe ni wa Mikindani, Owino Uhuru unaijua: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, risasi katika damu za watoto, na hukumu ya mwaka 2020 ya fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ramani ya rangi isingewaokoa wale watoto. Kwa hiyo tembea kuzunguka kila nyumba saa kumi na mbili asubuhi na tena saa mbili usiku, uulize majirani ni nini kinachoyeyushwa au kuchomwa karibu, na uangalie masizi juu ya mabati na kwenye nguo zilizoanikwa.

Nyumba yoyote utakayochukua, chumba cha Salim kiwe upande usiotazama barabara. Fungua madirisha saa tano asubuhi hadi saa kumi, si alfajiri. Ukinunua kisafisha hewa, chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 30. Ili hewa ipite kwenye kichujio mara tano kwa saa, tafuta chenye CADR (kiasi cha hewa safi kinachotoa) ya mita za ujazo 150 kwa saa au zaidi, kwa kasi ambayo kelele yake haitamwamsha. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi, ile ya N95 iliyobana uso ndiyo inayozuia. Na dawa zake za kuvuta zisibadilishwe kwa sababu ya ramani. Hilo ni la daktari wake.

Nitumie picha za chati za wiki mbili za vihisi viwili vilivyo karibu zaidi na kila nyumba, pamoja na umbali wa kila nyumba hadi barabara kubwa. Nitazipitia usiku huohuo. Mwenye nyumba akikuharakisha, mwombe akusubiri hadi tarehe 25.

Wako,
Rehema