Barua kwa binti yangu kabla hujashika njia ya Natron

Mama,

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeipata jana usiku na sikulala vizuri, furaha imechanganyika na mambo mengi ya kukwambia, na kwenye simu najua utanikatisha baba nimeelewa baba nimeelewa, kwa hiyo nimeona nikuandikie usome taratibu ukiwa umekaa. Kumbe kazini wamekupa gari lako mwenyewe la kupeleka watalii na safari ya kwanza ni Ziwa Natron, wageni wanne na mpishi. Hongera sana. Mimi njia hiyo nimeipita miaka mingi tangu enzi za Landrova 110, naijua inavyobembeleza na inavyogeuka.

Ukishakata kona pale Mto wa Mbu ukaiacha lami, sahau habari ya spidi. Mpaka kijiji cha Engaruka bado utaona kama barabara, mbele ya hapo ni makorongo, na hata wakipachonga na greda mvua moja tu inafumua kila kitu. Alafu kuna lile vumbi la mlima wa volkano, Oldoinyo Lengai, laini kama unga wa sembe, linajaza mashimo na kufunika mawe mpaka unaona njia tambarare kumbe chini kuna jiwe linasubiri difu yako, lile bonge la gia kwenye ekseli chini ya gari. Ule mlima ulilipuka 2007 ukaendelea mpaka 2008, majivu tuliyala kwenye chakula, na vumbi la kule mpaka leo linakudanganya macho.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote. Mwaka 1998, ile mvua ya El Niño imeshakatakata kila kitu, nilikuwa nimebeba mahema na madumu ya maji natoka kwenye korongo moja mbele ya Engaruka, ukingo umeliwa na maji umebaki kama ngazi. Chini walikuwepo watu watatu wananiongoza, mmoja anasema kushoto, mwingine anasema kata kata kata, wa tatu ndo utingo wangu, kijana mdogo tu, hasemi kitu. Mimi nikamfuata anayepiga kelele zaidi. Tairi la nyuma likaanza kuzunguka bure, nikakanyaga klachi ili nijipange upya, gari likarudi nyuma kama hatua moja, hatua moja tu mama, na wakati huo utingo ameinama nyuma anasukumia jiwe chini ya tairi kwa mkono. Sikumuona, wala sikuuliza yuko wapi.

Vidole viwili. Tulimfunga na shuka la Mmasai mmoja aliyekuwa pale, na mpaka kufika hospitali ni masaa manne, kila shimo nililolipiga analisikia mkononi. Hajawahi kunilaumu. Ila mimi toka siku ile gari langu halikusogea hata inchi kama simuoni kwa macho yangu mtu anayeniongoza, hilo nakuomba ulichukue uwe nalo.

Kwa hiyo wewe kabla hujatoka Arusha kaa na mpishi wako. Usimchukulie kama mtu wa masufuria tu, huko ndani yeye ndo macho yako. Kubalianeni ishara mapema mkiwa bado mmetulia, sio mkishafika kwenye jiwe kila mtu roho juu. Ngumi juu ni simama, na simama maana yake simama hapo hapo hata kama unaona bado kidogo upite. Viganja vinavyokuita ni njoo polepole. Mikono yote miwili ikielekea upande mmoja ndo upande wa kukata tairi. Maneno ya kushoto kulia achaneni nayo kabisa, mmeangaliana uso kwa uso kulia kwake ni kushoto kwako, alafu injini inanguruma na upepo wa kule unavyovuma utasikia nusu neno. Na anayeongoza awe mmoja tu. Wachungaji watakuja kusaidia, watu wema sana, wasalimie washukuru lakini waombe wasogee pembeni na mikono yao iwe chini.

Shuka utembee. Hapa ndo madereva wengi wanaona uvivu, eti jua kali. Korongo lolote ambalo huoni upande wa pili zima gari vuta hendibreki lipitie kwa miguu, tena pamoja na mpishi, muoneshane tairi ya kulia itakanyaga wapi na ya kushoto itakanyaga wapi. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo tairi la mbele kushoto huwezi kuliona hata ukinyoosha shingo, hilo ndo yeye aliangalie kwanza kuliko bampa. Alafu kumbuka gari ulilopewa ni Krusa, Land Cruiser, iliyorefushwa, imeongezwa bodi katikati ili wageni wakae vizuri, basi tumbo lake ni refu, kwenye kituta kikali mbele itapita na itakalia katikati. Ukikata kona tairi za nyuma hazifuati za mbele, zinaingia ndani zaidi, mpishi asiangalie za mbele tu akaanza kushangilia. Na kabla ya safari lala chini ya gari mwenyewe uone difu zimekaa upande gani, ili ukiliona jiwe ujue unalipitisha wapi.

Mpishi asimame mbele, mbali kidogo, upande wa juu wa mteremko. Asisimame kati ya gari na jiwe, wala kati ya gari mbili, asirudi kinyumenyume bila kuangalia anakanyaga nini. Mawe ya tairi yanawekwa gari likiwa limesimama, mguu wako uko kwenye breki na umemjibu kwa mdomo nimeshika. Ukimpoteza machoni hata sekunde moja unasimama. Wageni wakikuuliza kwanini umesimama waambie namtafuta mwenzangu.

Wewe ndani, gia ndogo, funga habu za tairi za mbele ili zote nne zivute kabla hujaingia kwenye mchanga sio ukishazama. Kwenye mchanga wa korongo punguza upepo wa tairi mpaka geji isome kama psi 18 au 20, tairi inapanuka inatembea juu ya mchanga badala ya kuchimba, ila ukirudi kwenye mawe na mwendo jaza tena, kwa hiyo hakikisha pampu inafanya kazi kabla ya siku ya safari. Vidole gumba viwe nje ya usukani, tairi ikipiga jiwe usukani unazunguka wenyewe na unavunja kidole. Mlima ukikushinda katikati usikate kona, gari likikaa ubavu kwenye mteremko linapinduka, kanyaga breki, weka rivasi, rudi mnyoofu ulikotoka. Kushuka ni gia ya kwanza ndogo, klachi usiiguse, acha injini ikushike.

Maji. Mwezi wa tatu mpaka wa tano mvua inapiga kule juu kwenye milima ya Ngorongoro na wewe chini jua linawaka, korongo kavu kabisa, alafu ghafla linakuja limebeba magogo. Usipaki ndani ya korongo hata kwa dakika tano za picha. Ukikuta linatiririka subiri, mara nyingi baada ya masaa machache linashuka, kunyweni chai. Maji ya sentimita 60 tu yenye nguvu yanaweza kubeba gari, na yakiwa na rangi ya matope huoni kama chini bado kuna njia. Na ule weupe wa magadi pembeni ya ziwa wageni watauona wataomba usogee karibu na flamingo, juu pamekauka kama saruji, chini ni uji. Watembee kwa miguu.

Ukikwama ukivutwa, waya au kamba usiifunge kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, ikikatika inaruka kama risasi. Tupia koti zito katikati ya waya, wageni wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Ndutu, kule mbugani, wakikupeleka msimu wa nyumbu nitakuandikia barua nyingine, ule udongo mweusi ukilowa una mambo yake na huko kushuka kuongozana sio jambo la kujiamulia, simba anapenda kivuli cha gari kama anavyopenda cha mti. Kwa sasa ni Natron.

Jeki ndefu ya hailifti nimekupakia kwa basi pamoja na ubao wake wa kuwekea chini, ubao usiuache kambini maana kwenye mchanga jeki bila ubao inazama yenyewe.

Na ukifika Mto wa Mbu kabla ya kukata kona, ulizia sokoni kwa baba yako mdogo anayeuza ndizi nyekundu, wanamjua wote. Ndo yule utingo. Nimeshampigia, amekubali kwenda na nyie mpaka lile korongo la kwanza kubwa amfundishe mpishi wako kuongoza gari, sijaona mtu anayelisoma jiwe kama yeye. Mkono wa kusimamisha atakunyanyulia ule ule wa kulia, utauona una vidole vitatu. Ukiuona tu, kanyaga breki.

Baba yako