Shukrani kwa mama tuliyeketi naye kliniki

Mimi na mume wangu, wakazi wa Mafinga, tunamshukuru kwa dhati mama tusiyelijua jina lake, tuliyeketi naye kwenye foleni ya kliniki ya kisukari mjini Iringa. Aliposikia kwamba hatulali kwa hofu ya sukari ya mwanetu kushuka usiku, alitueleza kwa utulivu kuwa mtoto anayetumia insulini akishinda mchana akicheza mpira, sukari yake yaweza kushuka saa nyingi baadaye, akiwa usingizini, na kwamba siku kama hizo ndizo hasa za kuamka saa nane usiku kumpima. Mashine ya kupimia sukari ikisoma chini ya 4 (mmol/L), apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji na apimwe tena baada ya dakika 15. Lakini akiwa hajitambui asinyweshwe chochote, awahishwe hospitali. Muuguzi aliyathibitisha yote hayo. Kwa kuwa baridi ya kwetu humfanya mtoto ajifunike gubigubi, naye alitushauri pia tumguse shingoni kama ametoka jasho, ambalo ni dalili ya sukari kushuka.

Mashine yetu na ya mama huyo zilikuwa za aina moja, basi akatugawia vijiti vyake vya kupimia, akakataa katakata kulipwa. Mama, Mungu akuzidishie wewe na binti yako. Sasa tunalala kwa zamu.