Mjuaji hasubiri kusahihishiwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua miaka nenda rudi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala ya Jumamosi kuhusu wasaidizi wa Daktari katika Doctor Who, ile tamthilia ya televisheni ya Uingereza ya safari za angani, imenishinda. Mwandishi wenu kamweka Adric mkiani kabisa, eti mjuaji, ana kiherehere, na kifo chake kiliwapa watazamaji nafuu. Nafuu ya nini?

Sawa, kijana alikuwa na maudhi. Alinuna, alibisha, alitembea na beji yake ya hisabati kifuani. Lakini mwandishi aliangalia kisa cha Earthshock cha 1982 mpaka mwisho? Adric kabaki kwenye meli ya mizigo ya angani inayokwenda kuigonga Dunia, anahangaika na fumbo la kompyuta. Cyberman, adui nusu mtu nusu mashine, anayekata roho anailipua kompyuta hiyo. Kijana anashika mkanda wa marehemu kaka yake, anasema sasa hatajua kama alipatia. Mjuaji anasema hivyo, Mhariri?

Nimefundisha hisabati miaka 31. Mwaka 1996 niliandika ubaoni 5 − (x − 2), nikafungua mabano: 5 − x − 2. Mvulana wa kidato cha pili, shati limemzidi mikono, akanyoosha kidole: "Mwalimu, shikamoo, hapo si kujumlisha mbili?" Darasa likacheka. Nikamwita mjuaji, nikamtoa nje akafyeke majani. Kengele ilipolia nikageuka, nikaiona ile alama ya kutoa inaniangalia. Nikachukua dasta nikafuta. Sikumwambia kitu, wala kesho yake. Hakunyoosha kidole tena kwenye somo langu mpaka anamaliza kidato cha nne, na mkanda wa video wa Earthshock, alioniletea mjomba kutoka Uingereza enzi Bara hatuna televisheni, sijaweza kuuangalia tena kwa raha.

Halafu kisa kile kilifungwa bila muziki, majina yanapita kimya na beji imevunjika. Vituo vyetu vingekiweza kimya hicho? Marehemu hajapoa, tangazo la sabuni limeshaingia!

Pendekezo langu: mpeni mwandishi wenu 5 − (x − 2) afungue mabano, bila simu. Akikosea, akafyeke majani hapo ofisini kwenu, kama yapo.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam